Damu Yapungua, Vidonge Havisaidii: Kwa Nini?

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako yupo mzee wa namna hii. Alikuwa mtu wa kazi. Usiku alikuwa ziwani akivua dagaa, na asubuhi bado alikuwa na nguvu za kupanda mlima kwenda kuangalia michikichi yake. Sasa amebadilika. Akitoka pwani kuja nyumbani husimama njiani mara tatu kuvuta pumzi. Moyo wamwenda mbio hata akiwa ameketi. Viganja vyake vimekuwa vyeupe, na ukimfunua ukope wa chini wauona umepauka. Mmempeleka zahanati. Amepimwa malaria, hana. Amepewa dawa ya minyoo. Amepewa vidonge vya kuongeza damu, akavimeza mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu. Damu haipandi.

Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja asema, "Ni uzee tu, mwacheni." Wa pili asema, "Vidonge vilikuwa vichache, mwongezeeni." Wa tatu anong'ona jina la jirani. Wote watatu wanaweza kuwa wamekosea, na kosa la kila mmoja lina hasara yake: wa kwanza atamkosesha mzee matibabu, wa pili atamjaza sumu, na wa tatu atavunja kijiji.

Leo tunataka kukueleza habari za ugonjwa mmoja wa damu ambao wengi hawajapata kuusikia, ingawa madaktari wanaufahamu vizuri. Jina lake ni refu: mayelodisplasia. Maana yake ni kwamba uboho waumba vibaya. Ukisoma mpaka mwisho utaona kwamba ugonjwa huu hautambulikani kwa kumtazama mtu usoni, wala kwa kumwuliza maswali peke yake. Husomwa maabara, juu ya kioo.

DAMU HUZALIWA WAPI?

Ukivunja mfupa wa mbuzi na kuugonga kwenye sahani, hutoka kitu laini ambacho watoto hukigombania. Ndio uboho. Nawe unao. Kwa mtu mzima, uboho mwekundu unaotengeneza damu hukaa hasa katika mifupa ya nyonga, ya uti wa mgongo, ya mbavu na ya kifua.

Uboho hutoa chembe za aina tatu. Kwanza ni chembe nyekundu, ambazo huchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Hizo zikipungua, mtu huchoka na kuhema. Pili ni chembe nyeupe, ndizo askari wa mwili. Hizo zikipungua, homa na vidonda havitoki. Tatu ni chembe sahani, ambazo huziba mahali palipokatika ili damu isimwagike. Hizo zikipungua, fizi hutoka damu, na madoa ya zambarau hutokea kwenye ngozi bila mtu kupigwa.

Chembe hizi hazidumu. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, chembe sahani siku 10 tu au pungufu, na chembe nyeupe nyingi hazifikishi hata muda huo. Kwa hiyo uboho haupumziki. Kwa mtu mwenye afya hutengeneza chembe nyekundu zipatazo milioni 2 kila sekunde, usiku na mchana.

UWANJA WENYE MAFUNDI WENGI, ZIWANI HAKUNA MTUMBWI

Sasa fikiria uwanja wa mafundi wa mitumbwi, kama ule uuonao pwani ya Ujiji au Kibirizi. Tuseme siku moja unatazama ziwani, huoni mitumbwi. Utasema sababu ni nini?

Pengine misumari imekwisha. Mafundi wapo, mbao zipo, lakini hakuna cha kuzishika. Ndivyo ilivyo mwili unapokosa chuma. Hapo vidonge vya chuma ndiyo dawa, na baada ya majuma machache damu huanza kupanda.

Pengine mbao ndizo zilizokosekana. Ndivyo ilivyo mwili unapokosa vitamini B12 au asidi ya foliki. Hapo yafaa kumpa mgonjwa vitamini hizo, na uwanja huamka tena.

Pengine mitumbwi yatengenezwa vizuri, lakini yazama au yaibiwa. Ndivyo malaria inavyovunja chembe nyekundu, ndivyo selimundu inavyozivunja, na ndivyo safura, vidonda vya tumbo au hedhi nyingi vinavyomwaga damu.

Lakini iko sababu ya nne. Unakwenda uwanjani, wakuta misumari tele, mbao tele, na mafundi wengi kuliko kawaida, tena nyundo zinalia toka asubuhi hadi jioni. Mbona basi ziwani hakuna kitu? Ukikaribia unaona kila mtumbwi umepinda. Huu una mbavu upande mmoja tu, ule una matako mawili. Mingine yapasuka palepale mchangani kabla ya kufikishwa majini. Kosa si la misumari wala la mbao. Fundi mkuu ameharibika, na wote aliowafundisha wamejifunza upotovu wake.

Hiyo ndiyo mayelodisplasia. Katika uboho zimo chembe mama, na kutoka kwa hizo chembe nyingine zote huzaliwa. Chembe mama moja hupata hitilafu katika maandishi yake ya ndani, yale yanayoiamuru iumbe vipi. Haifi. Huzaa, na watoto wake wakarithi kosa lile, hata wakawasukuma wenzao wazima na kuushika uwanja. Ubohoni mnajaa chembe, lakini nyingi hufia mumo humo kabla ya kuingia katika damu.

Madaktari hawauhesabu kuwa ugonjwa mmoja, bali ukoo mzima wa magonjwa. Mengine huenda polepole kwa miaka. Mengine ni makali: chembe changa zisizokomaa huongezeka mpaka ugonjwa unageuka kuwa saratani kali ya damu. Hilo huwapata wagonjwa kama mmoja katika kila watatu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya mwaka 2022, limeupa ukoo huu jina linaouweka wazi katika jamii ya saratani.

Hauambukizi. Kula naye, kulala naye chumba kimoja, kumwuguza, hakudhuru. Kwa kawaida haurithiwi na watoto. Wagonjwa walio wengi wamepita miaka 60, na mara nyingi hakuna ajuaye kosa lilianzaje. Yapo hata hivyo mambo machache yanayojulikana kuuleta: dawa kali na mionzi ya kutibia saratani nyingine, na mvuke wa benzini, kemikali ambayo imo katika petroli. Kwa ajili hiyo, ewe mwenye mashine ya boti, usinyonye petroli kwa mdomo katika mpira, wala usinawie mikono kwa petroli.

SI KILA DAMU PUNGUFU NI UGONJWA HUU

Tusitishane. Katika vijiji vyetu vya ziwani, kutoka Kagunga hadi Kalya, mtu mwenye damu pungufu mara nyingi ana malaria, au minyoo, au amekosa chuma, au anatokwa na damu mahali asipopaona. Mayelodisplasia ni ugonjwa wa nadra. Ndiyo sababu daktari hauanzi huu kwanza. Huanza na yale ya kawaida, akiyaondoa moja baada ya jingine.

Tena yapo magonjwa yanayojifanya kuwa huu. Virusi vya Ukimwi vyaweza kuuharibu uboho hata ukafanana na wa mayelodisplasia. Gongo na pombe nyingine zikinywewa sana huuharibu vilevile. Dawa kadha wa kadha, hata zile zinazotolewa kwa haki hospitalini, hubadili sura ya chembe. Ukosefu wa madini ya shaba mwilini huleta sura hiyohiyo. Na vitamini B12 ikikosekana, uboho huonekana kama umepatwa na maafa makubwa, kumbe dawa yake ni sindano rahisi.

Utasema, "Sisi twala dagaa na migebuka kila siku. Vitamini B12 haiwezi kutukosa." Kweli, samaki wana B12 nyingi, na maharage na majani ya mboga yana asidi ya foliki. Lakini tumbo la mzee pengine hushindwa kuichukua B12 hata ikiwa imo katika chakula. Kwa hiyo mpimaji hataridhika kwa sababu mgonjwa ni mvuvi. Itambidi apime.

Basi mkimpeleka mzee hospitali, mwambieni daktari kila kitu anachomeza: dawa za duka, dawa za hospitali, mizizi ya porini, na pombe. Msione haya. Mficha maradhi kifo humwumbua, na mficha dawa humpoteza daktari.

SAFARI YA TONE LA DAMU

Sasa tuifuate damu ya mzee maabara.

Kwanza huchukuliwa mkononi na kutiwa katika kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Ndani yake mna dawa inayozuia damu isigande. Kichupa huwekwa kwenye mashine, nayo huhesabu chembe za kila aina na kuandika majibu kwenye karatasi. Karatasi hiyo msiitupe. Yako maneno mawili juu yake ambayo hata wewe usiye mganga waweza kuyatafuta.

La kwanza ni Hb, yaani kipimo cha wekundu wa damu. Kwa mwanamume mzima, chini ya 13 ni upungufu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12. La pili ni MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu. Kawaida yake ni kati ya 80 na 100. Mtu aliyekosa chuma huwa na chembe ndogo, chini ya 80, maana misumari haitoshi kujenga mtumbwi mkubwa. Mwenye mayelodisplasia mara nyingi ana chembe kubwa, na namba yake hupita 100. Ona basi: mzee mwenye Hb ya chini na MCV ya juu amekuwa akimeza chuma kwa ugonjwa ambao karatasi yenyewe inaonyesha kwamba huenda si wa chuma.

Mashine yajua kuhesabu, lakini haijui kutazama sura kama mtu. Kwa hiyo mpimaji huchukua tone moja, hulikokota juu ya kioo liwe utando mwembamba, huliacha likauke, hulikausha zaidi kwa spiriti, kisha hulipaka rangi. Rangi moja inayotumika mno huitwa Giemsa, kwa jina la Gustav Giemsa, mkemia wa Kijerumani aliyeitengeneza mwaka 1904, miaka 10 kabla reli haijafika Kigoma. Ni rangi ileile ambayo kwayo wadudu wa malaria husomwa. Siku hizi zahanati nyingi hupima malaria kwa kile kipimo cha haraka, na kioo hakitengenezwi kila mara. Kwa hiyo mzee aweza kupimwa malaria mara tano, na asiwepo hata mtu mmoja aliyeitazama damu yake kwa macho.

Mpimaji huona nini? Chembe nyeupe iliyo nzima, aina ile iliyo nyingi, ina kiini kilichogawanyika vipande vitatu hadi vitano, tena imejaa punje ndogondogo. Ya mgonjwa huyu ina vipande viwili tu vilivyounganishwa kwa uzi mwembamba, kama miwani, nazo punje zimepotea. Kinyume chake, aliyekosa B12 ana kiini chenye vipande sita na zaidi. Ndivyo macho yaliyofundishwa yanavyotenga magonjwa mawili ambayo kwa mashine ni sawa.

Kioo hiki hutakiwa kitengenezwe mapema, ndani ya saa chache tangu damu kutolewa. Damu ikikaa mno kichupani, chembe huharibika zenyewe na kumdanganya msomaji.

KUCHUNGULIA NDANI YA MFUPA

Damu ya mkononi hutoa shaka. Ili kupata hakika yapasa kwenda uwanjani penyewe, yaani ubohoni.

Zamani uboho ulitazamwa mgonjwa akiisha kufa. Mwaka 1927, mwaka uleule ambao meli Liemba ilianza tena safari zake baada ya kuzamishwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kuinuliwa, daktari wa Kirusi Mikhail Arinkin alianza kuuvuta uboho kwa sindano kutoka katika mfupa wa kifua wa mtu aliye hai. Siku hizi mahali panapopendelewa ni nyuma ya mfupa wa nyonga.

Wengi huogopa hapa, hebu tuseme wazi. Mgonjwa hulala kwa ubavu. Ngozi husafishwa na kupigwa sindano ya ganzi. Kisha sindano nene huingizwa mfupani, na uboho kidogo, pungufu ya kijiko cha chai, huvutwa. Mvuto ule huuma, lakini kwa muda mfupi tu. Baadaye hukatwa kipande chembamba cha mfupa, urefu wa sentimeta 2 hivi. Uti wa mgongo hauguswi. Hakumpoozi mtu, wala hakuondoi nguvu za kiume. Kilichotolewa hujazwa tena na mwili. Mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku ileile.

Uboho huo hutandazwa kiooni na kupakwa rangi. Mpimaji huketi na darubini akahesabu chembe 500, moja moja. Aandika ngapi zimepinda. Kama katika aina moja chembe zilizopotoka zimefika 10 katika kila 100, shaka yageuka kuwa jambo zito. Tena ahesabu zile changa. Ubohoni mwa mtu mzima hazifiki 5 katika 100. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, zikifika 20 katika 100 kwa kawaida jina la ugonjwa hubadilika, likawa saratani kali ya damu. Katikati ya namba hizo mbili ndipo daktari hupima ukali na kuchagua matibabu.

PETE YA BULUU

Ipo rangi nyingine, nayo ina habari ya kupendeza. Mwaka 1867, miaka 4 kabla Stanley hajakutana na Livingstone pale Ujiji, Mjerumani Max Perls alieleza namna ya kukipaka chuma rangi ya buluu katika nyama ya mwili. Kioo cha uboho kikipakwa rangi hiyo, chuma chote huonekana.

Kwa mtu aliyekosa chuma, hapana buluu. Lakini kwa baadhi ya wagonjwa wa mayelodisplasia, punje za buluu zimejipanga kukizunguka kiini cha chembe kama pete. Chuma kipo tele, kimesongamana mlangoni, wala hakijui kujengwa katika damu. Misumari imerundikwa kuuzunguka mtumbwi usiojengeka.

Hapa msomaji utaona kwa nini tulisema wa pili atamjaza mzee sumu. Mwili hauna njia nzuri ya kutoa chuma kilichozidi. Hukiweka katika ini na moyo, nacho huviharibu taratibu. Chupa moja ya damu ya kuongezewa huleta miligramu 200 hadi 250 za chuma. Mgonjwa anayeongezewa mara nyingi tayari amebeba mzigo, kumwongezea na vidonge bila kupima ni kumtwisha mwingine.

MAANDISHI YA NDANI

Kipimo cha mwisho ni kirefu zaidi. Chembe ya mwili yenye kiini kwa kawaida ina nyuzi 46 ziitwazo kromosomu, ambamo maagizo yote yameandikwa. Uboho ukilelewa maabara kwa siku moja au mbili, chembe hugawanyika, nazo nyuzi huonekana kwa darubini. Kwa wagonjwa karibu nusu, uzi mmoja umekatika au umepotea. Mwaka 1974 Herman Van den Berghe na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walieleza habari za wagonjwa waliokatika sehemu ya kromosomu ya 5. Baadaye ilionekana kwamba watu wa aina hiyo, ambao wengi ni wanawake, husaidiwa sana na dawa moja ya kumeza iitwayo lenalidomidi. Kwa hiyo kusoma uzi si udadisi wa wataalamu. Kwaweza kuchagua dawa.

Lakini kipimo hiki chataka chembe zilizo hai, zifike maabara mapema, na sisi wa pwani ya ziwa tuko mbali. Vioo vilivyokauka havina shida hiyo. Vikifungwa vizuri vyaweza kusafiri kwa basi au kwa gari moshi vikasomwe kwingine, na mzee akabaki kitandani kwake. Mwulizeni daktari kama jambo hilo lawezekana kabla ya kuuza mbuzi kwa ajili ya nauli.

JE, NAO WALIROGWA?

Sasa tumrudie yule aliyenong'ona jina la jirani.

Mwaka 1938 kijana mmoja Mwingereza alifika Dar es Salaam kufanya kazi ya kampuni ya mafuta ya Shell. Alijifunza Kiswahili. Vita vilipoanza mwaka 1939 alikwenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga. Baadaye akawa mwandishi wa vitabu vya watoto aliyejulikana dunia nzima. Jina lake Roald Dahl. Alifariki tarehe 23 Novemba 1990, akiwa na miaka 74, katika mji wa Oxford. Ugonjwa uliomwua ni huu wa mayelodisplasia.

Yuko na Carl Sagan, Mmarekani, mtaalamu wa nyota. Yeye alipewa uboho wa dada yake mara tatu. Akafariki Desemba 1996 kwa homa ya mapafu, baada ya kuugua ugonjwa huo huo, naye ana miaka 62.

Watu hawa walikuwa na fedha, na madaktari, na sifa. Je, nao walirogwa na jirani wa Mwamgongo? La. Kosa lile la chembe mama laweza kumpata mwandishi wa Uingereza kama liwezavyo kumpata mvuvi wa Ilagala. Tofauti ni kwamba kwao jina la ugonjwa lilijulikana, na kwa hiyo hakuna bibi kizee aliyefukuzwa kijijini kwa ajili yake.

UGONJWA UKIJULIKANA, KUNA NINI?

Hatutakudanganya. Dawa inayoweza kuung'oa kabisa ni kupandikizwa uboho wa mtu mwingine, hasa ndugu wa tumbo moja anayelingana naye. Ni kazi nzito na ya gharama, tena wazee wengi miili yao haiihimili. Lakini kutopona kabisa si sawa na kutosaidiwa. Kuna kuongezewa damu. Kuna sindano zinazouamsha uboho utoe chembe nyekundu. Kuna dawa za kupunguza mwendo wa ugonjwa mkali. Na mwenye aina ya polepole pengine hahitaji zaidi ya kuangaliwa kila baada ya miezi kadhaa, huku akiishi na wajukuu wake.

Hata pasipo dawa kubwa, jina la ugonjwa huwafundisha ninyi mnaomtunza. Mtajua kwamba homa kwake si ya kungojea kesho, maana askari wake ni wachache. Apelekwe hospitali siku ileile. Mtajua kwamba asimeze aspirini wala diklofenaki bila idhini ya daktari, maana zitamzidishia kutokwa na damu. Mtajua kumzuia asimeze chuma asichokihitaji.

BASI MFANYE NINI?

Kwanza, msikae na damu isiyopanda. Ikiwa mzee amemeza vidonge kwa mwezi mmoja sawasawa na Hb haikuinuka, rudini. Msiombe vidonge vingine, bali semeni: "Tunaomba damu itazamwe kiooni."

Pili, kama zahanati haiwezi, nendeni hospitali. Iko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, mjini Kigoma. Iko Hospitali ya Kabanga, Kasulu, ya Jimbo la Kigoma. Madaktari wa huko wakiona yafaa, watamwandikia mgonjwa barua ya kwenda hospitali kubwa, kama Bugando huko Mwanza au Muhimbili huko Dar es Salaam. Chukueni karatasi zote za zamani. Namba za mwaka jana zikilinganishwa na za leo humwonyesha daktari mwendo wa ugonjwa.

Tatu, vijana, toeni damu. Mgonjwa wa namna hii aweza kuhitaji chupa baada ya chupa, nayo damu haitengenezwi kiwandani. Mtu mzima mwenye afya, aliyefika miaka 18 na kilo 50, aweza kutoa: mwanamume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Kama wajukuu sita wa mzee wangepeana zamu, babu yao asingelala wodini akingojea mgeni amhurumie.

Nne, mwulizeni mzee mwenyewe. Kwenda Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilometa 1,200, na gharama zitaigusa kila nyumba ya ukoo. Pengine atasema, "Nipelekeni." Pengine atasema, "Nimeishi, nipeni damu hapa hapa na mniache nitazame ziwa." Yote mawili ni maneno ya mtu mwenye akili, ilimradi ameambiwa ukweli. Lisilofaa ni ninyi kuamua nyuma yake, au kumficha majibu yaliyo yake.

Tano, mfungeni mdomo yule anayenong'ona. Mwambieni neno hili moja: "Ngoja kioo kisomwe."

Ndugu msomaji, jioni ya leo mtazame mzee wako anapotoka pwani. Kama anasimama njiani kuvuta pumzi, usimcheke, wala usiseme ni miaka tu. Mshike mkono, mfikishe nyumbani, na kesho asubuhi mwende pamoja kupima.